Mafuta ya Asiyekuwepo

Mwenzangu mmoja kazini, mwalimu wa sayansi, binti wa Kiganda anayependa kupendeza hata siku ya kusimamia mtihani, aliingia ofisi ya walimu asubuhi moja ya Februari, akajipulizia manukato shingoni mara mbili, akaenda zake paredi. Mimi nilikuwa nasahihisha madaftari. Kalamu ilinitoka mkononi. Usidhani natia chumvi. Ilibingirika chini ya meza, na nilipoinama kuiokota nikabaki huko huko chini, nimepiga magoti kwenye saruji, nikivuta pumzi kama mtu aliyenyimwa hewa tangu jana.

Aliporudi nilimwuliza ni nini kile. Akanionyesha kichupa, akacheka, akasema kimeandikwa maua meupe ya majira ya kuchipua. Sasa wewe unayeijua Juba niambie, majira ya kuchipua yako wapi hapa? Sisi tuna kiangazi kinachokausha mpaka mate mdomoni, kisha tuna mvua. Lakini katikati yake, kiangazi kinapokaribia kuchoka na tone la kwanza halijaanguka, kuna majuma machache ambapo mwarobaini hutoa maua, na mtu aliyetengeneza kile kichupa huko Ulaya, asiyejua Juba iko upande gani wa dunia, alikuwa ameyapata. Manukato mengi yanayojiita ya maua ni sabuni tu iliyovaa vizuri. Haya yalikuwa ua lenyewe likiwa bado mtini: asali mbele, ubichi wa jani nyuma yake, na mbali kabisa uchungu kidogo, wa tawi lililokwanguliwa kwa ukucha.

Najua utasema mwarobaini ni shubiri. Kila aliyelelewa pande zetu amewahi kuzibwa pua akanyweshwa maji ya majani yake kwa ajili ya malaria, na hasahau. Lakini mti huo huo mchungu, ukifika wakati wake, hutoa vijiua vidogo vyeupe vinavyodondoka kama chenga za mchele, na harufu yake alfajiri inaweza kumfanya mtu mzima asimame njiani na mzigo kichwani asijue anangoja nini. Watu wa Juba wanauita nim. Uko kila ua wa nyumba, kila ofisi, kila kituo cha polisi, na kwa sababu uko kila mahali hakuna anayeutazama.

Jioni ile nilimpigia mama simu, yuko kwetu Vihiga siku hizi na magoti yake mabaya. Nikamwambia nimeinusa ile harufu ya Buluk. Akasema, "Ile ya maua ya malimau?" Nikamwambia, mama, haikuwa malimau. "Ilikuwa malimau," akasema, na hapo nikajua hata yeye hajaiacha.

Tulikaa Buluk, mtaa mmoja wa hapa Juba. Mama alikuja kufua mashuka katika hoteli moja ya mtoni, mimi nikiwa na miaka mitano, mkoba wangu una nguo mbili na picha ya baba ambayo baadaye tuliipoteza bila kusikitika sana. Chumba chetu kilikuwa cha tatu katika safu ya vyumba vitano vya mabati, na mwenye ua alikuwa ajuza tuliyemwita Haboba, ndivyo wanavyomwita bibi katika Kiarabu cha huku. Asubuhi za ua ule bado ninazo masikioni. Jenereta ya jirani ilikohoa kabla ya kukubali kuwaka, lori la maji lilipiga honi, mama mmoja wa Kiganda aliyeuza chapati alipigapiga donge lake mezani, na Haboba alibandua kisra, ule mkate wao mwembamba wa mtama, kutoka kwenye bamba la moto kwa mlio wa karatasi. Kazi yangu ilikuwa kufagia ua kwa fagio la chelewa kabla ya shule. Msimu wa maua nilifagia, nikageuka nyuma, nikakuta kumekuwa kweupe tena, na nilikasirika kila siku kana kwamba ni mara ya kwanza.

Haboba alikuwa mrefu, mwembamba, na ulimi wake haukuwa na mlinzi. Vita vya kwanza vilimpeleka Uganda akiwa msichana, akarudi na Kiswahili. Vita vya pili vilimpeleka Khartoum akiwa mama mwenye nyumba, akarudi na manukato. Kiswahili chake hakikuwa na subira na ngeli. "Mimi iko hapa," angesema, "wewe iko wapi?" na ungekuwa umesimama mbele yake, maana yake ni kwamba akili yako haipo. Kazi iliyompa jina Buluk nzima ni khumra, yale manukato mazito ya sandali, karafuu na miski ambayo kina mama wa Kisudani humpaka bibi harusi na ambayo mwenye mume tu ndiye huyavaa. Wasichana tulikatazwa hata kugusa mfuniko wake. Msichana akinuka khumra, alisema Haboba, watu wataanza kuuliza posa ililiwa na nani.

Lakini mafuta ya maua yalikuwa kitu kingine, na hayo hakumfanyia bibi harusi yeyote.

Aliamka kabla ya adhana. "Jua ikiona maua, jua inakula," alisema. Alitandika shuka chini ya mti, akatikisa matawi ya chini kwa fimbo, kisha akayatandaza maua kwenye ungo kivulini mpaka umande uyatoke, akiyageuza kwa vidole kama mama anayechagua mchele wa wageni. Hapo ndipo alipokuwa mkali. Tone moja la maji likibaki kwenye ua, mafuta yote yataoza. Yakishakauka aliyazamisha kwenye mafuta ya ufuta, ndani ya gudulia la mdomo mpana. Kesho yake aliyachuja, akatia mengine mabichi, na kesho kutwa hivyo hivyo, asubuhi tisa mfululizo, mpaka ufuta usahau kuwa ulikuwa ufuta. Chupa nayo ilifukizwa. Aliigeuza mdomo chini juu ya chetezo chenye vipande vya mti wa talihi, moshi ukaingia humo ukajilaza, ndipo mafuta yakamiminwa. Alisema mafuta hayaingii nyumba isiyofukizwa.

Mwaka mzima alitengeneza chupa moja tu, ya rangi ya kahawia kama ya dawa ya kikohozi, na chupa ile haikuwa ya mtu yeyote tuliyemjua. Ilikuwa ya binti yake. Haboba alipopanda boti kurudi Juba baada ya amani, binti alibaki Khartoum na mumewe, akaahidi kumfuata mwezi ujao. Mwezi ujao ulizaa miezi mingine. Halafu namba ya simu ikakatika. Binti yule alizaliwa Khartoum, hajawahi kuiona Juba kwa macho yake, na Haboba alitaka kitu cha kwanza kumgusa akifika kiwe harufu ya hapa mvua inapokaribia. "Yeye iko zaliwa huko kwa mchanga," alitueleza. "Akikuja, mimi nampaka hii kwa mkono. Kichwa yake itajua, kalas, basi, nimefika kwetu."

Basi chupa ilingoja mwaka mzima ndani ya sanduku la bati chini ya kitanda chake. Maua mapya yakija, chupa mpya ilichukua nafasi, na ile ya zamani iligawiwa wanawake wa ua. Mama yangu, ambaye ana methali kwa kila jambo, hata yale yasiyomhusu, alimwambia siku moja kwamba asiyekuwepo na lake halipo. Haboba aligeuka na ungo wake mkononi. "Hiyo maneno ya mtu ya choyo," akasema. "Asiyekuwepo ndiyo unawekea kwanza. Anayekuwepo si iko na mkono yake?"

Siku ya kugawa ilikuwa Jumapili. Wanawake walikaa kwenye mkeka, kila mmoja amekunja kiganja, Haboba akipita na chupa kama padri. Mama alijipaka nyuma ya masikio na kwenye kikunjo cha kiwiko, mahali ambapo dawa ya kung'arisha mashuka ilikuwa imekataa kutoka. Yule mama wa chapati alijipaka kwenye nywele, akafunga kitambaa juu yake, akafumba macho. Yeye alisema ni kahawa ya kwao Masaka inapochanua, usiku mmoja tu kabla ya maua kunyauka. Mama alisema ni maua ya malimau ya bibi yangu. Walibishana mpaka kanisani, wakabishana wakirudi, na wote wawili walikuwa na machozi machoni kwa sababu ya kitu kilichochumwa hatua kumi kutoka mlangoni kwao. Haboba aliwacheka. "Mnasema uongo wote. Iko nim tu."

Manukato ya dukani huanza kwa kelele na kumaliza kwa aibu. Yale yalifanya kinyume. Ukijipaka, robo saa ya kwanza unanuka ufuta, mtu angedhani umetoka kukaanga kitu. Kisha mwili ukipata joto yanaanza kufunguka, polepole, na saa sita mchana, kanisa limejaa na jasho linatiririka, harufu iliinuka kutoka benchi la wanawake wetu hata ungeweza kuwafikia ukiwa umefumba macho. Mama alikuwa mtu wa kuinamisha kichwa. Jumapili zile alikiinua. Nilimwona, nikataka na mimi.

Watoto hawakupewa. Mwaka niliofika darasa la nne, msichana tuliyekaa naye dawati moja aliwaambia wenzake kwamba ninanuka mashuka. Ilikuwa kweli, na ndiyo maana iliuma. Mama aliileta ile dawa nyumbani kwenye nguo zake na kwenye mikono yake, tukalala nayo kitanda kimoja. Msimu wa maua ulikuwa ndiyo kwanza umepita, chupa mpya imo sandukuni, na sanduku halikuwa na kufuli, maana nani angemwibia mtu asiyekuwepo? Jumatatu moja, Haboba akiwa sokoni, niliingia, nikajipaka tone moja kooni, nikaenda shule mbio.

Mwalimu wetu alikuwa mwanamke wa Kenya, mkavu kama chaki, ambaye hakuwahi kumgusa mtoto ila kwa rula. Aliinama kusahihisha hesabu zangu. Kalamu yake nyekundu ilisimama katikati ya vema. Nilimsubiri anichape. Alifumba macho, akavuta pumzi, akaweka kiganja juu ya kichwa changu, akasema kwa sauti ambayo hatukujua anayo, "Mtoto wewe, unanukia kwetu."

Kwa neno lile ningeiba hata kengele ya kanisa. Nilirudi sandukuni kesho yake na kesho kutwa. Muhula mzima niliiba, tone kwa tone, na muhula mzima mwalimu alipita kwenye dawati langu polepole kuliko kwa wengine. Nyumbani hakuna aliyeshtuka, kwa kuwa wanawake wote walikuwa wamejipaka ya mwaka uliopita. Mwizi gani mwingine amewahi kupata bahati kama hiyo? Ila mafuta yalikuwa yakishuka. Nilipoona yamefika chini ya shingo ya chupa nilichota maji kwenye pipa letu, maji ya mtoni aliyoyaleta mtu wa lori, nikajazia. Niligundua kwamba mafuta huelea. Ukichovya kidole juu, unapata mafuta. Ukinusa, unapata maua. Na maji yamekaa chini kimya. Nilijiona msomi. Wiki iliyofuata nikajazia tena.

Za mwizi ni arobaini, na zangu ziliisha mwezi wa Agosti. Simu ililia kwa yule mama wa chapati, kwa sababu ndiye mwenye simu isiyokatika, na mtu akauliza kwa Kiarabu kama Haboba yu hai. Binti alikuwa amepanda boti la mizigo pamoja na watoto wawili, atafika bandarini baada ya siku tatu. Haboba hakupiga kigelegele. Alikaa chini pale alipokuwa amesimama, kwenye udongo uliolowa mvua, akaanza kuuliza watu kama kitanda kimoja kitawatosha.

Siku tatu. Nilikuwa na siku tatu, rafiki yangu, na kila siku ina saa zake zote. Haboba alisiriba sakafu upya, akakomboa vitenge vyake kutoka kwa fundi cherehani, akachinja jogoo aliyekuwa akituamsha. Siku ya pili nilimkuta peke yake akimenya karanga. Nikamwita. "Sema, biniya, mtoto yangu," akasema bila kuinua macho. Maneno yalikuwa yamekwisha kupangwa mdomoni. Nikasema nataka maji ya kunywa. Aliacha karanga zake, akainuka na mgongo wake ule, akanichotea kikombe, akanisubiri ninywe mpaka mwisho.

Binti alifika mchana, mrefu kama mama yake, midomo imepasuka, mtoto mmoja mgongoni na mwingine amening'inia kwenye nguo. Walishikana na Haboba mlangoni muda mrefu mpaka sisi watazamaji tukaanza kuona haya. Kisha Haboba akamkalisha kwenye kitanda cha kamba, akaingia ndani, akatoka na chupa. Wanawake wote walisogea. Alitoa kizibo, akanusa, akatabasamu. Akaushika mkono wa binti yake, akaugeuza kiganja juu, akainamisha chupa.

Kwanza yalitoka mafuta, machache, ya kupaka kucha. Kisha yakatoka maji. Yalitoka mengi, ya rangi ya chai, yakanuka mtaro, yakamjaa kiganjani, yakateremka kwenye kifundo cha mkono mpaka kwenye nguo aliyosafiri nayo. Binti aliurudisha mkono kidogo, kwa adabu, kama mtu aliyepewa chakula kilichochacha ugenini. Haboba aliinua chupa, akaitazama juani. Akaitikisa. Halafu akanitazama mimi.

Katika watu kumi na kitu waliojaa pale, alinitazama mimi tu, wala hakuhitaji kunitafuta. Hasira ningeivumilia. Yeye alinitazama kama mtu anayesoma barua ndefu na kuifikia sahihi. Kisha akamgeukia binti yake, akasema kwa Kiarabu, akarudia kwa Kiswahili ili ua wote usikie: "Malesh, samahani, binti yangu. Iko mimi. Maua sikukausha. Uzee hii."

Wanawake walicheka kwa huruma. Yule mama wa chapati akasema hata fundi hukosea. Binti alijifuta mkono kwenye pindo la nguo, akamshika mama yake mabega, akamkalisha mahali pake kitandani, akasema naye maneno ya upole tusiyoyaelewa. Mimi nilikwenda nyuma ya choo nikajificha.

Niliingoja adhabu wiki nzima. Haikuja. Kesho yake Haboba alinipa kipande changu cha kisra kama kawaida, na kesho kutwa vile vile. Nikajiwekea nadhiri ya kitoto: maua yakirudi Februari, nitayachuma yote mimi, nitayakausha mimi, halafu nitasema. Lakini Desemba ilifika kabla ya Februari, ikaja na bunduki. Siku tatu tulilala chini ya vitanda. Ya nne mama alipata nafasi kwenye lori linaloelekea Nimule, mpakani na Uganda, akaniambia nichukue kinachobebeka. Haboba alitutoa mpaka langoni. Aliniwekea mkono kichwani, mahali pale pale alipouweka mwalimu, akasema, "Soma." Lori lilisimama Nesitu, wanaume wakashuka kutafuta maji, na mimi nikalia kwa kelele. Mama alidhani ninaogopa vita.

Nilisoma. Nikawa mwalimu, na kazi ilipopatikana katika shule moja ya Gudele, huku huku Juba, mama alidhani nimerogwa, lakini nilikuja. Miaka miwili sasa. Buluk nilikwenda juma la kwanza. Kwenye ule ua wamejenga ghorofa lenye lango jeusi la chuma, mti haupo, mlinzi akaniuliza natafuta nani nikageuka nikarudi. Yule mama wa chapati ndiye niliyemkuta, soko la Gudele, mnene sasa, na wajukuu. Ndiye aliyenipa habari. Haboba alifariki miaka minne baada ya sisi kuondoka, ua ukauzwa, na binti yake ana kibanda cha sabuni na sukari, si mbali na shule yangu. Alinielekeza njia. Nikamshukuru. Sikwenda. Nilikuwa na sababu nyingi, na zote ukizikamua unapata woga mtupu.

Kile kichupa cha mwalimu wa sayansi ndicho kilichonifukuza. Nilinunua changu, duka lile lile la mjini, na Jumamosi nikaenda.

Nilimkuta amekaa mbele ya kibanda chake, anachambua maharage. Nilipojitambulisha aliinua macho. "Ile biniya ya mama wa hoteli?" akauliza, akacheka, akanisogezea kigoda. "Taali, kaa." Kiswahili amekiokota kwa wateja, na kimekuwa kama cha mama yake kabisa, hata nikaona ugumu kumtazama usoni. Nikampa kichupa. Alijipulizia mkononi, akanusa, akangoja, akanusa tena. "Tamu," akasema. "Hii iko nini?"

Nikamwambia. Nilianza na msichana wa dawatini, nikapita kwa mwalimu, nikafika kwenye pipa la maji. Nilimwambia kwamba maua yalikaushwa vizuri, kwamba sijapata kuona mtu akikausha kitu kwa uangalifu vile, kwamba mafuta yake niliyamaliza mimi na maji niliyatia mimi, na mama yake alijua, na alisema vile kwa ajili yangu. Nilikuwa nimejiandaa kwa matusi. Nilikuwa nimejiandaa hata kwa msamaha, Mungu anisamehe, niliutaka.

Maharage yalikuwa yamesimama mkononi mwake.

"Siku ile," akasema polepole, "mimi nilisema, kalas, mama amezeeka, kichwa imeharibika. Anaweka maji kwa mafuta, hajui. Kesho ataweka sumu kwa chakula ya watoto." Alitazama barabarani. "Mimi nilimtoa kwa jiko. Nilimtoa kwa moto. Khumra ya watu pia nilikataza, nikasema, mama, wewe pumzika, mimi niko. Maua ikianguka, anasema, nipe ungo. Mimi nasema, pumzika, mama. Kila mwaka anaomba ungo."

Neno moja lingemrudishia Haboba jiko lake, neno moja tu, na mimi nilikuwa mbali Vihiga nikikariri jedwali la kuzidisha. Haboba mwenyewe angeweza kulisema asubuhi yoyote ile. Hakulisema.

"Kumbe alikuwa mzima," akasema binti. Aliniuliza, kama mtu anayetaka kuhakikisha bei. "Mama alikuwa mzima?"

"Alikuwa mzima," nikasema.

Alirudia tena kwa Kiarabu, kwa sauti ya chini, wala si kwangu. Mteja alikuja akataka sabuni, akasimama, akatutazama, akaondoka bila sabuni.

Watu huniuliza naikumbuka nini Juba ya utotoni, nami huwatajia kisra, jenereta, ua uliokuwa mweupe mara tu ninapomaliza kuufagia. Ni kweli ninavitamani vyote hivyo, na harufu ile naitamani mpaka kooni. Lakini tangu Jumamosi ile nina hamu nyingine isiyo na kichupa dukani. Misimu minne maua yalidondoka katika ule ua wa Buluk, alfajiri baada ya alfajiri. Mikono iliyojua la kuyafanya ilikuwa pale pale, hatua kumi kutoka mtini, imelala mapajani, ikipumzishwa.